Steins;Gate: Ujumbe unaorudi jana na gharama ya kufuta majuto

WAHENGA walinena kwamba majuto ni mjukuu, kisha wakaongeza kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Semi hizo mbili zimebeba ukweli mmoja mchungu: binadamu hulitambua kosa lake baada ya kulitenda, wakati ambapo nafasi ya kulirekebisha imekwisha kupita.

Je, ingekuwaje kama maji hayo yangezoleka? Mtu akipewa uwezo wa kupeleka ujumbe wa simu katika siku zilizopita, akamwonya mzazi asipande ndege fulani au akamtajia rafiki namba za bahati nasibu, je, atautumia uwezo huo? Na akishautumia, nani atalipa gharama yake?

Hayo ndiyo maswali yanayoulizwa na Steins;Gate, hadithi ya kubuni ya kisayansi iliyotolewa nchini Japani Oktoba 15, 2009 na kampuni za 5pb. na Nitroplus. Tangu wakati huo kazi hiyo imekuwa ikitajwa kila yanapozungumzwa mafanikio ya riwaya za aina yake.

Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, ndani ya kazi hiyohiyo zimo kasoro ambazo mashabiki wake wengi huzifumbia macho, na baadhi yake zinaweza kumfanya msomaji mgeni aifunge kabla hajafika palipo na uhondo.

Makala haya yanagusa matukio ya katikati ya hadithi, lakini mwisho wake umeachwa kwa wasomaji wenyewe.

Riwaya isomwayo kwenye skrini

Steins;Gate ni riwaya ya picha, aina ya kazi iliyostawi zaidi nchini Japani. Huuzwa pamoja na michezo ya kompyuta, lakini ndani yake hakuna mbio, risasi wala mabao. Msomaji huona picha ya mahali, wahusika husimama mbele yake, na maneno yao huandikwa chini ya skrini huku sauti za waigizaji zikisikika.

Kazi ya msomaji ni kusoma, na mara chache kuamua jambo. Uamuzi wake huielekeza hadithi upande mmoja au mwingine, hivyo riwaya moja huweza kuwa na miisho kadhaa. Steins;Gate ina miisho sita, na kuisoma yote huchukua saa 30 au zaidi.

Ilitungwa kutokana na wazo la Chiyomaru Shikura, maandishi yake yakasimamiwa na Naotaka Hayashi. Michoro ya wahusika ni ya msanii anayejulikana kwa jina la huke, na muziki ni wa Takeshi Abo.

Mwanzoni ilitoka kwa ajili ya mashine ya Xbox 360 pekee, ambayo haikuwa na wateja wengi nchini Japani. Baadaye ilihamishiwa kwenye kompyuta na mashine nyingine. Mwaka 2011 studio ya White Fox iliigeuza kuwa katuni ya televisheni yenye vipindi 24, na mwaka 2014 tafsiri rasmi ya Kiingereza ikatolewa kwa kompyuta.

Vijana juu ya duka la televisheni za chogo

Hadithi inaanza Julai 28, 2010 katika mtaa wa Akihabara, jijini Tokyo. Mtaa huo ulijulikana baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa maduka ya vipuri vya redio, ukaendelea kuwa soko la vifaa vya umeme na kompyuta, kisha ukawa makao ya wapenzi wa katuni na michezo.

Mhusika mkuu ni Rintaro Okabe, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 18. Okabe amepanga chumba juu ya duka linalouza televisheni za chogo, akakiita maabara. Huvaa koti jeupe, hujiita mwanasayansi mwendawazimu, na mara kwa mara huzungumza na simu ambayo upande wa pili haina mtu.

Wenzake ni Mayuri Shiina, rafiki yake wa tangu utotoni, na Itaru Hashida, fundi hodari wa kuingia katika kompyuta za watu. Baadaye anajiunga nao Kurisu Makise, msichana mwanasayansi ambaye utafiti wake umechapishwa akiwa bado kijana mdogo.

Siku hiyo ya kwanza Okabe anamkuta Kurisu akiwa amelala katika dimbwi la damu. Anakimbia, anamwandikia Itaru ujumbe wa simu kumweleza alichokiona, na ghafla umati wa watu uliokuwa barabarani unatoweka. Saa chache baadaye anakutana na Kurisu akiwa mzima.

Kilichotokea ni kwamba ujumbe ule haukupelekwa kwa njia ya kawaida. Ulipitia katika oveni ya maikrowevu ambayo vijana hao walikuwa wameiunganisha na simu, ukafika kwa Itaru siku kadhaa kabla ya kuandikwa. Yaliyopita yalikuwa yamebadilika, na Okabe peke yake ndiye aliyebaki na kumbukumbu ya hali ilivyokuwa awali.

Nguvu ya kwanza: sayansi yenye mizizi

Uzuri wa kwanza wa kazi hii ni namna ilivyouchanganya uongo na mambo ya kweli. Waandishi wake hawakubuni mashine ya ajabu kutoka hewani. Walichukua vitu vilivyokuwa vikizungumzwa duniani, wakavisogeza hatua moja mbele.

Adui katika hadithi ni taasisi iitwayo SERN, jina linaloiga lile la CERN, kituo cha utafiti wa chembe kilichopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Mwaka 2008 CERN iliwasha mtambo mkubwa wa kugonganisha chembe, wenye njia ya mviringo ya kilomita 27. Baadhi ya watu walihofu kwamba mtambo huo ungezaa mashimo meusi yatakayoimeza dunia.

Wanasayansi walieleza kwamba hofu hiyo haikuwa na msingi, kwa kuwa miale itokayo angani hugonga dunia kwa nguvu kubwa zaidi bila madhara hayo. Steins;Gate ilitoka mwaka mmoja baadaye, wakati mjadala huo ukiwa ungali katika kumbukumbu za wasomaji, na ikauliza: vipi kama mashimo hayo madogo yangepatikana, na mtu akayatumia kwa siri?

Aidha, hadithi inamtumia John Titor, jina lililojitokeza katika mtandao wa intaneti mwaka 2000 na 2001. Aliyejiita hivyo alidai kuwa askari kutoka mwaka 2036, aliyetumwa kuchukua kompyuta ya zamani aina ya IBM 5100. Madai hayo yalibaki kuwa hekaya, lakini kompyuta yenyewe ilikuwapo kweli, na ilianza kuuzwa mwaka 1975.

Katika riwaya kompyuta hiyo inaitwa IBN 5100, na ndiyo ufunguo wa siri za SERN. Kwa njia hiyo msomaji anajikuta akishindwa kutambua mara moja ni wapi ukweli unapokoma na ubunifu unapoanza, na hiyo ni dalili ya hadithi ya kisayansi iliyopikwa ikaiva.

Hata vifaa vya mtambo ni vya nyumbani. Oveni haifanyi kazi yake ya ajabu mpaka televisheni kubwa ya chogo iliyo dukani chini iwe imewashwa. Jambo linalodhaniwa kuwa kichekesho katika kurasa za mwanzo linageuka kuwa sharti la kitaalamu baadaye.

Nguvu ya pili: kila ombi lina bei

Lakini sayansi peke yake isingetosha. Kinachoibeba kazi hii ni hesabu yake ya kimaadili, ambayo imepangwa kama daftari la madeni.

Baada ya kugundua uwezo wa oveni, Okabe anawaruhusu marafiki zake kupeleka ujumbe katika siku zilizopita. Kila mmoja ana jambo analolijutia. Faris, msichana anayefanya kazi katika mkahawa, alimpoteza baba yake katika ajali ya ndege. Anapeleka ujumbe unaomfanya baba huyo asiipande ndege hiyo.

Ruka, kijana wa kiume anayelelewa katika hekalu, anatamani kuwa amezaliwa msichana. Suzuha, mfanyakazi wa duka la televisheni, anamtafuta baba ambaye hajapata kumwona, na Okabe anapeleka ujumbe ili asiondoke mapema kabla ya kumpata.

Maombi hayo yote yanajibiwa. Baba yake Faris anarejea akiwa hai, lakini mtaa mzima wa Akihabara unabadilika: maduka ya katuni yanatoweka, kwa sababu bila msiba ule Faris hakuwa na sababu ya kuyapigania. Tendo dogo la upendo limeufuta utamaduni wa mtaa mzima, na hakuna anayejua isipokuwa Okabe.

Ndipo pigo linapoingia. Watu wa SERN wanaivamia maabara na Mayuri anauawa. Kurisu alikuwa ameunda kifaa kinachorudisha kumbukumbu za mtu saa 48 nyuma, na Okabe anakitumia ili amwokoe. Anashindwa. Anarudi tena, anabadilisha njia, anabadilisha saa, anakimbilia mahali pengine. Kila mara Mayuri anakufa kwa namna nyingine.

Riwaya inaeleza kwamba historia ina mistari mingi, na mistari iliyo karibu huvutwa kuelekea tukio lilelile, kama kamba nyingi zilizosokotwa pamoja. Ili Mayuri aishi, Okabe hana budi kuuhama mkondo mzima, na njia pekee ni kuzifuta jumbe zote zilizopelekwa, mmoja baada ya mwingine.

Maana yake ni kwamba anapaswa kwenda kwa Faris na kumwomba akubali baba yake afe tena. Anapaswa kwenda kwa Ruka na kumtaka aiache ndoto aliyokwisha kuipata. Wote hao ni rafiki zake, na hakuna kati yao aliyefanya kosa.

Hapo ndipo Steins;Gate inapozipita hadithi nyingi za safari za wakati. Katika nyingine, shujaa hupambana na adui au na mtambo. Katika hii, anapambana na furaha za watu wengine. Anayerudisha jana moja anaivunja jana ya mwenzake.

Kisa cha Suzuha kinaonesha jambo hilo kwa uchungu zaidi. Kwa kuwa alizuiwa kuondoka usiku mmoja tu, mashine yake inaharibiwa na mvua kubwa, safari yake ya kwenda mwaka 1975 inakwenda kombo, na maisha yake yote yanapotea. Barua aliyoiacha ni miongoni mwa sehemu nzito kupita zote katika riwaya hii. Usiku huo mmoja aliongezewa kwa wema mtupu.

Nguvu ya tatu: mzaha unaogeuka kilio

Jambo jingine la kusifiwa ni namna mhusika mkuu alivyojengwa. Mwanzoni vituko vya Okabe vinachosha. Anacheka kwa sauti kuu, anajipa jina la kutisha, anadai kufuatiliwa na shirika la siri.

Taratibu msomaji anafahamishwa kwamba mchezo huo ulianza kwa ajili ya Mayuri. Alipofiwa na bibi yake alikuwa akisimama kaburini siku nyingi bila kusema neno, na Okabe akabuni kwamba yeye ni mwanasayansi mwendawazimu na Mayuri ni mateka wake asiyeruhusiwa kwenda popote. Upuuzi ule ulikuwa kamba ya kumvuta rafiki kutoka katika huzuni.

Mamoru Miyano, aliyeigiza sauti ya Okabe, analibeba badiliko hilo kwa ustadi. Kicheko kilekile kilichosikika mwanzoni kama kelele kinasikika baadaye kama kilio cha mtu anayejaribu kujipa moyo.

Kasoro: mwendo, mafumbo na mizaha mibaya

Pamoja na uzuri huo, kazi hii haikosi dosari, na ya kwanza ni mwendo wake. Tukio la kifo cha Mayuri linakuja wakati msomaji amekwisha kutumia saa nyingi. Kabla ya hapo kuna mazungumzo marefu kuhusu vyakula, katuni, vinywaji na ugomvi mdogo wa maabara.

Mashabiki hujitetea kwamba bila siku hizo za kawaida kifo kisingeuma. Hoja hiyo ina ukweli, kwani msomaji hulia kwa ajili ya mtu aliyekaa naye. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kujenga mazoea na kurudiarudia mzaha uleule. Sehemu kadhaa za mwanzo zingepunguzwa bila hadithi kupungukiwa na chochote, na katuni ya mwaka 2011 ilithibitisha hivyo kwa kuzifupisha.

Dosari ya pili inahusu namna msomaji anavyoamua mambo. Badala ya kuulizwa maswali ya wazi, hutumia simu ya Okabe. Anaweza kuijibu au kuiacha, na katika ujumbe anaoupokea huchagua neno fulani ili litoke jibu linalohusiana nalo.

Ubunifu huo unavutia na unalingana na hadithi inayohusu simu. Tatizo ni kwamba mwisho wa kweli wa riwaya umefungwa nyuma ya majibu madogo ambayo msomaji hupaswa kumpa Kurisu mapema, bila kuonywa kwamba yana uzito. Asiyeyajibu inavyotakiwa hufika mwisho mwingine, wenye huzuni na usiokamilika, baada ya saa nyingi za kusoma.

Matokeo yake wasomaji wengi hulazimika kutafuta maelekezo nje ya riwaya yenyewe. Ni kinaya kwamba kazi inayofundisha uzito wa kila uamuzi inaficha uamuzi mkubwa kuliko yote mahali ambapo hakuna awezaye kuutambua.

Dosari ya tatu ni ya kimaadili, na ndiyo iliyozeeka vibaya zaidi. Itaru hutoa mizaha ya ngono kwa wasichana karibu kila anapozungumza, na riwaya humchukulia kama kichekesho kisicho na madhara. Ruka naye hutambulishwa kwa mzaha unaorudiwa kwamba ni mzuri kama msichana ilhali ni mwanamume.

Baadaye hadithi inamtaka msomaji aichukulie kwa uzito hamu ya Ruka. Inafanikiwa kwa kiasi, lakini ingefanikiwa zaidi kama isingekuwa imetumia kurasa nyingi kumcheka mtu yuleyule. Sura yake ina maumivu ya kweli yaliyofunikwa na vicheko ambavyo havikuhitajika.

Dosari ya nne ni ya kisayansi. Riwaya inadai kwamba kumbukumbu zote za binadamu zinaweza kubanwa ndani ya shimo jeusi hadi zibaki baiti 36. Kwa kanuni za elimu ya taarifa jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa baiti 36 hazina nafasi ya kutosha kutofautisha kumbukumbu za watu kwa kina kinachodaiwa.

Vilevile, uwezo wa Okabe wa kukumbuka mistari iliyofutika haupewi maelezo ya kuridhisha. Upo kwa sababu hadithi inauhitaji. Msomaji anayetaka kila nati ikazwe atasumbuka, ingawa anayefuata hatima za wahusika huenda asijali.

Nani aisome?

Kwa anayetafuta burudani ya haraka, Steins;Gate si chaguo jema. Inataka subira, inataka usomaji wa maandishi mengi, na kwa asiyejua Kijapani inataka lugha ya kigeni. Mwenye muda mchache anaweza kuanza na katuni, ambayo imehifadhi kiini cha hadithi na kuiondoa adha ya kutafuta mwisho wa kweli.

Hata hivyo, kusoma kuna faida ambayo katuni haiwezi kuitoa kikamilifu. Maandishi yanamweka msomaji ndani ya kichwa cha Okabe, na panapofika mahali pa kuufuta ujumbe wa rafiki, msomaji mwenyewe ndiye anayeishika simu. Anaweza kukataa. Akikataa, hadithi inaelekea mwisho mwingine.

Miisho hiyo ya njiani haikuwekwa kama adhabu kwa msomaji mzembe. Kila mmoja ni jibu la kibinadamu la mtu aliyechoka kulipa madeni. Ndiyo maana riwaya hii, pamoja na mwendo wake wa kobe na mizaha yake isiyostahili, ingali inasomwa miaka mingi baada ya simu za kukunja za wahusika wake kuondoka sokoni.

Wahenga waliposema kwamba maji yakimwagika hayazoleki, walimfundisha binadamu kuvumilia. Steins;Gate inaongeza neno moja juu ya mafundisho hayo: hata kama yangezoleka, yangekuwa tayari yamenywesha shamba la mtu mwingine, na anayetaka kuyarudisha mtungini lazima kwanza amtazame usoni mwenye shamba hilo.